Juisi ya jero na utamu ambao hatukuuomba

Kwenye grupu letu la mtaa huku Makorora, Tanga, kuna sauti moja haifi, kila baada ya muda inarudi tena, mdada anaongea kwa uchungu kweli kweli, ati soda za zero, zile zisizo na sukari, zina kemikali ya kansa na Wazungu wenyewe wameshatangaza, basi watu wanaanza "jamani tusambaze", mara vikatuni vya kulia, alafu haipiti nusu saa mtu mwingine anatangaza anauza lambalamba na juisi za pakti kwa jumla na hakuna anayesema neno, zaidi ya wawili watatu wanauliza bei. Mie hiyo ndo inanichekesha. Maana kwa maduka ya huku kwetu soda ya zero unaipata kwa kuitafuta, na wanywaji wake ni wazee wenye kisukari na wadada wa jimu, lakini hizo hizo kemikali zinazoliliwa kwenye sauti zipo kwenye vitu vya watoto, pale kaunta, karibu na pipi kijiti, na bei yake jero, yaani shilingi mia tano.

Ngoja niielezee taratibu maana hii mada watu wanaivuruga sana.

Hiyo habari ya kansa haikutoka hewani. Julai 2023 IARC, ambalo ni shirika la utafiti wa saratani la WHO (Shirika la Afya Duniani), liliiweka aspatamu, ile kemikali ya utamu iliyomo kwenye soda nyingi za zero, kwenye kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani. Kundi hilohilo limo dondoo la jani zima la shubiri, na zimo mboga za kuchachusha za kule Asia. Na hayo makundi yanapima ushahidi una nguvu kiasi gani, hayapimi hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani, ndo maana soseji zipo kundi la 1 kabisa, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani, tangu 2015, pamoja na sigara, na sijawahi kuona grupu linalilia soseji. Sasa wakati huohuo kamati nyingine ya WHO na FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), inaitwa JECFA, ilikaa ikapitia mambo yaleyale ikasema kiwango cha zamani hakibadiliki: miligramu 40 za aspatamu kwa kila kilo ya uzito wako, kwa siku. Wakatoa na mfano, kopo la soda ya dayati likiwa na miligramu 200 mpaka 300, mtu mzima wa kilo 70 itabidi anywe zaidi ya makopo 9 mpaka 14 kwa siku moja ndo avuke hapo, kama hapati aspatamu sehemu nyingine.

Watu wakifika hapo wanashusha pumzi, aah kumbe makopo 14, nani anakunywa hayo, mada imefungwa. Lakini soma tena jamani. Mtu mzima. Kilo 70. Kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa chekechea ana kilo 15, na huyo ndo mteja wa juisi ya jero.

Chukua pakti yoyote ya juisi ya unga pale kwa Mangi, igeuze nyuma, uende kwenye yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. Zinatofautiana lakini nyingi utakuta sukari, asidi ya sitriki, rangi, ladha ya embe au chungwa, embe lenyewe au halipo au lipo kidogo sana, alafu ndo zinakuja namba za E, ambazo ni majina ya mkato ya vitu vinavyoongezwa kwenye chakula, na hizi ninazotaja hapa ni za kemikali za utamu. E951 hiyo ndo aspatamu. E950 ni asesulfamu-K, hizi mbili zinapenda kutembea pamoja maana zikichanganywa zinaondoleana ule ukakasi unaobaki mdomoni. E954 ni sakarini. E955 sukralosi. E952 ni siklamati, na hii nataka nikae nayo kidogo. Ukiona pia onyo linataja fenilalanini ujue kuna aspatamu humo, lile onyo ni kwa wale waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya mwili ushindwe kuivunja hiyo fenilalanini mpaka inaathiri ubongo, ni wachache sana lakini kwao si mchezo.

Haya, siklamati. Marekani waliipiga marufuku 1969 baada ya majaribio ya panya na mpaka leo hawajairudisha, Ulaya wanaitumia, nchi nyingi tu zinaitumia, na ushahidi kwamba inampa binadamu kansa haujasimama. Kwahiyo sisemi ni sumu. Nachosema ni hesabu. JECFA wamesema mwisho miligramu 11 kwa kilo ya uzito kwa siku, Ulaya wao wamebana zaidi, 7. Mtoto wa kilo 15 kwa kipimo cha JECFA ni miligramu 165, kwa kipimo cha Ulaya ni 105. Sheria ya Ulaya inaruhusu kinywaji kiwe na mpaka miligramu 250 kwa lita. Tuseme basi kinywaji chako kiko hapo hapo mwisho wa ruhusa, chupa mbili ndogo za mililita 300 ni miligramu 150. Kwa Ulaya huyo mtoto ameshapita, kwa JECFA anachungulia mlangoni, na bado hajala barafu ya shuleni. Na hii juisi ya unga hakuna anayekuja nyumbani kwako kupima, pakti inasema changanya na lita mbili mama anaweka lita moja ili ikolee, au anayetengeneza lambalamba anaongeza pakti ya pili, maana barafu inapoza utamu, kitu kikiwa baridi sana ulimi hauusikii utamu vizuri.

Ili nisije nikawa kama yule mdada wa sauti, hivyo viwango vimewekwa chini kabisa makusudi, kwa kawaida wanachukua kile kiwango ambacho wanyama wa majaribio hawakuonyesha shida yoyote wanakigawa kwa 100, na ni kipimo cha kula kila siku maisha yako yote. Mtoto akipita siku moja ya Idi hafi wala haumwi. Shida ni mtoto ambaye Idi yake ni kila siku, jumatatu mpaka jumatatu, na mtaani kwetu hao wapo tele, maji hawayataki mpaka yatiwe rangi.

Na hapa ndo penye hoja yangu hasa. Huko Ulaya na Marekani hizi tamu za maabara mabishano yake ni ya watu waliochagua, mtu anataka kupungua mwili, anaacha soda ya kawaida anachukua ya dayati, imeandikwa mbele kwa herufi kubwa, anajua anachokunywa. Huku kwetu zimeingilia mlango mwingine, mlango wa bei. Siklamati ni tamu kama mara 30 mpaka 50 ya sukari, aspatamu na asesulfamu kama mara 200, sakarini 300 na zaidi, sukralosi kama 600. Kwahiyo punje inafanya kazi ya kilo. Wewe mwenye kiwanda, sukari inapanda kila leo, unafanyaje? Unaweka sukari nusu, unamalizia na hizo, chupa inabaki jero na faida inabaki. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika, watu tunapanga foleni ya kilo moja kama tunagawiwa msaada? Je, kuna juisi yoyote ya dukani ilipotea sokoni kipindi kile? Mie sikuona.

Wala si jambo jipya. Sakarini iligunduliwa 1879 kule Johns Hopkins, Marekani, na mkemia anaitwa Constantin Fahlberg, inasimuliwa mwanaume alitoka maabara hakunawa mikono akakaa mezani, mkate ukawa mtamu, badala ya kuogopa akaanza kulamba vitu vyake vya maabara kimoja kimoja mpaka akaipata. (Usijaribu nyumbani.) Ila ilishika kasi hasa ile vita kuu ya kwanza, sukari ilipokosekana. Miaka ya 70 ikapata kesi ya kansa ya kibofu kwa panya, 1977 serikali ya Marekani ikataka kuifuta, wananchi wakaja juu, wakaishia kuiwekea onyo, baadae ikaonekana yale yaliyowapata panya yanatokana na mikojo ya panya wenyewe ilivyo, mwaka 2000 wakaiondoa kwenye orodha ya vitu vya kansa. Kwahiyo mtu akikutumia zile picha za panya wenye uvimbe, mwambie hiyo kesi imeshasikilizwa.

Kwahiyo kinachonikera mie si kansa, ni kwamba hakuna aliyeniuliza. Kwenye chupa mbele kuna picha ya embe limekatwa linatiririka, na neno juisi, basi. Mexico tangu 2020 kinywaji chenye hizi tamu lazima kiandikwe mbele, kwenye kisanduku cheusi kinachoonekana, kwamba kina tamu za kuongeza na hakishauriwi kwa watoto. Mbele, sio nyuma kwa maandishi ya chawa. Hivyo tu ndo ningetaka na huku, TBS (Shirika la Viwango Tanzania) wakiamua wanaweza maana chakula kipo chini yao tangu 2019, na sio kwamba nataka kitu kipigwe marufuku, nataka mama wa Duga au Mwambani asiyekuwa na muda wa kukariri namba za E ajue kabla hajatoa jero yake. Na sisi tunaopenda kusema "serikali iongeze kodi ya sukari", tuangalie pia mwisho wake. Uingereza waliweka kodi ya vinywaji vya sukari Aprili 2018, na kweli viwanda vikapunguza sukari kwa kiasi kikubwa, ila sehemu kubwa ya ule utamu ulioondoka ukajazwa na hizi hizi, watoto wakaendelea kunywa kitu kitamu vilevile. Ukibana sukari peke yake utamu unahamia chumba cha pili.

Sasa najua kuna mtu hapo ameshasema basi mie narudi kwenye sukari yangu ya asili. Hapana bwana, subiri kwanza.

WHO tangu 2015 wanasema sukari za kuongeza zisizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Soda ya kola ya plastiki ya nusu lita ina gramu 53. Yaani chupa moja ni zaidi ya vijiko 13, na hapo bado chai. Na chai ya Tanga tunaijua, vijiko vitatu kikombe, tena vile vya kujaza kilima, asubuhi na maandazi ambayo nayo yana sukari, saa nne tena, jioni tena, umeshamaliza cha kwako na hujagusa kitu chochote cha kiwandani. Na kabla hujaniambia unatumia asali ya Handeni, asali nayo imo kwenye hesabu, WHO wanaihesabu sawa na sukari, na juisi pia, hata ile ya miwa unayokamuliwa unaona kwa macho yako na ndimu na tangawizi, hata ya machungwa ya Muheza uliyoyakamua mwenyewe. Tunda zima halihesabiwi. Chungwa ukilila na nyama zake utachoka la pili au la tatu, lakini bilauri moja ya juisi inameza machungwa manne matano na unaomba nyingine. Sukari ikiwa kwenye maji tumbo haliipi hesabu kama chakula, unakunywa na njaa iko palepale, na ile sehemu yake ya fruktosi nyingi inaenda ini lenyewe kuhangaika nayo, ikizidi inageuzwa mafuta. Meno sitaki hata kuanza, ila ujue kwamba na zile za zero nazo zina asidi, sukari hamna lakini gamba la jino linaliwa pole pole.

Enaji nazipitia haraka tu maana nikianza hapa hatumalizi: vijana wa bodaboda pale kijiweni asubuhi enaji na karanga ndo kifungua kinywa, ina sukari, nyingine ina sukari na tamu za maabara kwa pamoja, ina kafeini juu yake, na pembeni imeandikwa kabisa isipewe watoto na wajawazito. Nimeshaona mtoto wa darasa la pili anainywa, kanunuliwa na babake.

Mie utamu wa pwani wenyewe siugombezi. Halua haijawahi kumdanganya mtu, unajua unakula sukari na samli, unakata kipande, unashushia kahawa chungu isiyo na kitu. Wazee wa baraza pale Ngamiani kashata moja inakwenda na vikombe viwili vya kahawa na stori za mpira wa Coastal mpaka adhuhuri. Utamu uko pembeni, kinywaji kiko kichungu, na kikashata chenyewe kidogo. Ugomvi wangu ni na utamu unaojificha mahali ambapo hukuutafuta. Tomato sosi ya chipsi, kijiko kimoja kikubwa ni karibu kijiko cha chai cha sukari. Mtindi wa flava ya stroberi. Mkate wa slesi. Na uji wa watoto wa kopo, hili ndo liliniuma zaidi, Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN, mtandao wa kutetea chakula cha watoto wachanga, walitoa ripoti kuhusu uji wa watoto wa Nestlé, kwamba unaouzwa nchi nyingi za Afrika na Asia umekutwa na sukari ya kuongeza, na unaouzwa kwao Uswisi hauna. Kampuni ikajibu kwamba inafuata sheria za kila nchi. Sawa, inafuata. Ndo maana nasema sheria zetu nazo tuziangalie, maana mtoto wa miezi 6 akishazoea kwamba chakula ni kitu kitamu, hapo dona la nyumbani utamlisha kwa fimbo.

Hapo ndo sukari na hizi tamu za maabara zinapokutana kwa maoni yangu. Mei 2023 WHO walitoa mwongozo kwamba watu wasitumie hizi tamu kama njia ya kudhibiti uzito, kwasababu ukiangalia muda mrefu hazisaidii kupunguza mafuta mwilini, na tafiti za kufuatilia watu zinaonyesha wanaozitumia sana wanapata zaidi kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo, ingawa hapo haijulikani vizuri kama ni zenyewe au ni kwamba watu waliokuwa wameshaanza kunenepa ndo wanaozikimbilia. Wakasema afadhali kupunguza utamu wenyewe kwenye chakula, tena tangu utotoni. Hilo mie nakubaliana nalo hata bila utafiti. Kwetu tumepunguza kwa kuiba, ukwaju na ubuyu wa kuchemsha nyumbani kila wiki sukari inapungua kidogo, sikumwambia mtu, na walivyokuja kugundua ulimi ulishazoea. Watu wazima ndo walilalamika, watoto walinywa tu. Ramadhani ndo mtihani maana futari ya Tanga bila tambi za sukari na juisi ya rangi mezani wageni wataona umewanyima, hapo natoa madafu kwanza, mtu akishakata kiu kwa dafu juisi anaionja tu.

Ila ule mwongozo wa 2023 una mstari ambao kwenye grupu haukusambazwa: haiwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Shangazi yangu ana kisukari miaka mingi, anahudhuria kliniki yake, anachoma insulini, na zile sauti zilimfanya amwage soda zake za zero karoni. Akaniambia, "Mwanangu, kuliko kansa bora nife na sukari yangu." Nikamwambia shangazi, wala usichague, hiyo chupa moja ya zero ya jumapili haina neno, kubwa ni usiifanye ruhusa ya sahani ya pili ya wali wa nazi. Akacheka akasema wali wake nisiutaje.

Na kuna kitu nilimuomba yeye na wajukuu zake pale nyumbani, na ndo sababu hasa ya kuandika yote haya, maana kinaweza kuua mtu jioni moja na si baada ya miaka 20. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza baadhi ya vidonge sukari yake inaweza kushuka ghafla, anatetemeka, jasho la baridi, anaongea vitu havieleweki. Kila mtu hapa mjini anajua dawa ya hapo ni kumpa kitu kitamu, mtoto anatumwa mbio dukani "lete soda au juisi yoyote". Yoyote! Akirudi na zero, au na maji ya rangi yaliyotiwa utamu kwa E952 na E951, mgonjwa anakunywa, mdomoni anasikia utamu, na kwenye damu haiingii chochote cha maana, nyie mnasubiri apate nafuu huku anazidi kushuka. Hapo inatakiwa sukari yenyewe, kama gramu 15 mpaka 20, vijiko vinne vya chai vimekorogwa kwenye maji, subiri dakika 15, kama ana kipimo apimwe, kama hajakaa sawa rudia, na akishakaa sawa apewe chakula. Kama amezimia au hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni, mwahishe hospitali.

Kwahiyo kwa shangazi kuna kikopo cha sukari juu ya kabati, kimefungwa na plasta, kimeandikwa kwa maka peni kisiguswe kwa chai, na wajukuu wote mpaka yule wa darasa la kwanza wanajua kilipo. Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa kuchoma insulini na kwa bahati mbaya mmeacha sukari kabisa kwa ajili yake, kanunueni robo leo.